Shanta ya dizeli imegoma: dalili, sababu na tiba kwenye reli ya modeli

Injini ndogo ya kupanga mabehewa, yaani shanta, ndiyo inayolalamika mapema kuliko zote kwenye ubao wa reli. Injini ya njia kuu huchota umeme kwa magurudumu manane au kumi na mawili, na huwa na kasi ya kuiruka sehemu chafu kabla mota haijajua kwamba umeme umekatika. Shanta ina magurudumu manne au sita, yamekaribiana, na kazi yake ni kutambaa. Ndiyo maana reli ile ile inayopitwa na injini zako nyingine bila shida itaisimamisha shanta, nawe utadhani umeuziwa kitu kibovu. Mara nyingi shanta ni nzima. Kwa hiyo usiifungue kwanza.

Vipimo vya hapa chini ni vya njia ya mm 16.5, inayotumiwa na modeli za 1:76 na 1:87, na mfano wetu ni Class 08 ya Uingereza, shanta ya magurudumu sita iliyojengwa tangu 1952 hadi 1962. Anayetaka kufuata upana wa reli ya Uganda, ambao ni mm 1000, hutumia njia ya mm 12 kwa kipimo cha 1:87. Dalili na tiba ni zile zile, ila kila kitu ni kidogo zaidi na kinadai mkono mtulivu.

Tenga kwanza: kontrola, reli au injini?

Weka multimita kwenye volti za DC, gusa reli mbili, fungua kontrola (kifaa kinacholisha reli umeme na kupanga mwendo) hadi mwisho. Ukiona karibu volti 12, kontrola na nyaya zake ziko sawa mahali hapo. Kwenye mfumo wa dijitali wa DCC, ambapo kila injini ina dikoda, yaani kisakiti kidogo kinachopokea amri kupitia reli, tumia upande wa AC. Multimita ya bei nafuu haisomi umeme huo kwa usahihi, lakini namba kati ya 13 na 16 inatosha kukuonyesha kwamba umeme upo. Kisha weka injini nyingine mahali pale pale. Ikienda, rudisha shanta. Ikigoma, iondoe kabisa ubaoni, uiweke juu ya kipande kimoja cha reli mezani, reli imesuguliwa ikasafika, nyaya za kontrola zimeunganishwa moja kwa moja. Ikienda mezani na kugoma ubaoni, ugonjwa uko ubaoni. Ikigoma mezani pia, hapo ndipo bisibisi inapata kazi.

Betri ya redio ya volti 9 nayo ni kipimo kizuri. Geuza shanta chali juu ya kitambaa, gusa gurudumu la kushoto kwa waya mmoja na la kulia kwa mwingine. Jaribu jozi moja baada ya nyingine. Shanta nzima inazunguka kwa kila jozi inayochota umeme. Ikizunguka kwa jozi ya mbele tu, umeshajua inasimama kwa nini.

Inakwenda, inasimama, ukiigusa kwa kidole inakwenda tena

Hii ndiyo dalili ya kila siku, na sababu yake ni mguso mbaya kati ya reli na mota. Fuata umeme unavyosafiri: uso wa reli, uso wa gurudumu, kibamba chembamba cha shaba kinachogusa nyuma ya gurudumu, waya, mota. Kila hatua inaweza kuwa na uchafu wake.

Reli kwanza. Vumbi jekundu la murram hupenya hata dirisha lililofungwa, na katika mji wenye unyevu kama Entebbe au Jinja vumbi hilo hushikana na mafuta yanayodondoka kutoka kwenye gia, likawa utando mweusi. Futa kwa kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa kidogo kwa isopropili alkoholi au spiriti safi ya duka la dawa. Usitumie sanitaiza ya mikono: ina gliserini, ambayo hubaki juu ya reli kama mafuta na kuvuta vumbi upya. Usitumie petroli ndani ya nyumba. Msasa wa kawaida unachimba mikwaruzo ambamo uchafu hujificha, na pamba ya chuma ni hatari zaidi, kwa kuwa nyuzi zake huvutwa na sumaku ya mota na kuleta shoti ndani ya injini.

Jambo hilo la sumaku linahusu kokoto pia. Wengi hapa huchekecha murram au mchanga wa ziwani kutandaza kati ya mataruma, na rangi yake hupendeza sana, inafanana na njia halisi ya kutoka Tororo. Lakini huwa na chembe za chuma. Kabla ya kuumwagia gundi, funga sumaku ya spika ndani ya mfuko wa nailoni, ipitishe mara kadhaa juu ya mchanga uliosambazwa kwenye gazeti, tupa kinachonasa. Ukikosea hatua hii, chembe zitaingia kwenye mota moja moja kwa miezi mingi.

Magurudumu sasa. Tandaza karatasi ya jikoni iliyoloweshwa alkoholi juu ya reli, weka magurudumu ya ncha moja ya injini, ya mbele au ya nyuma, juu ya karatasi na mengine yabaki kwenye reli tupu, shika injini, washa umeme. Magurudumu yatajisugua yenyewe na kuacha mistari myeusi. Geuza injini, rudia hadi karatasi ibaki nyeupe. Ukiona gurudumu lenye pete ya mpira, kumbuka kwamba halichoti umeme hata likisafishwa vipi. Lipo kwa ajili ya kuvuta tu.

Vibamba vya shaba huhitaji jicho. Angalia kwa taa ya simu: kila kibamba kiguse nyuma ya gurudumu hata unapolisukuma gurudumu kushoto na kulia kwa kadiri linavyocheza. Kisipogusa, kipinde kwa kibano, kidogo sana, labda nusu milimita. Ukikaza mno kitakuwa breki, na shanta itaanza kugoma kwa sababu mpya uliyoitengeneza wewe.

Inasimama kwenye pointi, mahali pale pale kila mara

Pointi, yaani pale njia inapogawanyika, ndiyo inayoipima shanta kuliko kitu kingine chochote, na yadi ya kupanga mabehewa haina uhai bila pointi. Tazama kipande chenye umbo la V katikati yake. Kwenye pointi nyingi za kuanzia kipande hicho ni cha plastiki au ni chuma kisicho na umeme. Kipime kwa rula.

Sasa hesabu. Class 08 ya 1:76 ina mm 46 tu kutoka ekseli ya kwanza hadi ya mwisho, na magurudumu matatu kila upande. Kinadharia mawili yanabaki kwenye umeme pale moja linapokanyaga plastiki. Kiuhalisia ekseli ya katikati mara nyingi imeinuliwa kidogo ili injini isibembee, kwa hiyo haitegemewi. Linabaki gurudumu moja. Likiwa na doa la uchafu, au pointi ikiwa imejikunja kidogo kwa sababu plaiwudi ilivimba wakati wa masika, umeme umekatika.

Tiba ya haraka ni kuhakikisha pointi imelala bapa. Weka rula ya chuma juu yake, angalia mwanga unaopita chini ya rula. Inua upande ulioshuka kwa vipande vya kadi. Kisha safisha ncha za ulimi unaosogea pale zinapogusa reli ya pembeni: pointi nyingi hupitisha umeme kwa mguso huo peke yake, na tone la rangi au gundi linatosha kuukata. Tiba ya kudumu kwa mguso huo ni waya mwembamba uliolehemiwa chini, kutoka reli ya pembeni hadi kwenye ulimi ulio upande wake, ili umeme usitegemee ncha.

Tiba tunayoipendekeza kwa moyo wote kwa anayejenga yadi ni pointi yenye V ya chuma iliyo na umeme wake. V hiyo lazima ibadilishe upande kila pointi inapogeuzwa, na kazi hiyo hufanywa na swichi ndogo inayosukumwa na fimbo ile ile inayosogeza ulimi. Waya wa katikati wa swichi unakwenda kwenye V, na mbili za pembeni kwenye reli mbili za nje. Reli mbili zinazotoka kwenye V zifungwe kwa viungo vya plastiki badala ya chuma. Ukisahau viungo hivyo, siku utakapolisha umeme kutoka upande wa pili utapata shoti ya papo hapo. Ukibadilisha nyaya za pembeni kimakosa, shoti itatokea injini inapokanyaga V. Zibadilishane, basi.

Wenye DCC wana njia ya tatu: kapasita ya akiba inayounganishwa na dikoda, inayoishikilia mota kwa sekunde moja au zaidi bila reli. Inasaidia kweli. Lakini isiwe kisingizio cha kutosafisha, na fahamu kwamba ikiwepo, dikoda inaweza kukataa kusomwa kwenye reli maalumu ya kuandikia mipangilio yake.

Haitambai: inasimama, kisha inaruka

Shanta halisi ikisogelea mabehewa kwa km 5 kwa saa, modeli ya 1:76 inapaswa kuchukua karibu sekunde 55 kupita mita moja. Class 08 halisi kwa kawaida haizidi km 24 kwa saa, ambayo kwenye modeli ni mita moja kwa sekunde 11 hivi. Pima kwa saa ya simu. Shanta nyingi kwenye mbao za watu hukimbia mara tatu ya hapo, na hiyo inasikitisha, maana uzuri wote wa shanta uko kwenye kutambaa.

Ikiwa reli na magurudumu ni safi na bado inaruka, fikiria grisi. Injini za mtumba hukaa kabatini miaka mingi kabla ya kufika Kampala, na grisi yake hugeuka nta. Ondoa bodi, yaani ganda la juu la injini, safisha gia kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi, acha ikauke, kisha weka mafuta mepesi yasiyodhuru plastiki. Kipimo ni kinachobaki kwenye ncha ya sindano, tone moja kwa kila beringi. Mafuta ya kupikia huganda; oili ya gari ni nzito na chafu. Mafuta yakizidi hutiririka hadi kwenye komyuteta, sehemu ya shaba ya mota inayopokea umeme kutoka kwa brashi za kaboni, yanachanganyika na unga wa kaboni, na mota inaanza kunguruma bila nguvu. Ikiwa imefika huko, safisha mifereji ya komyuteta kwa kijiti cha meno chenye alkoholi, na angalia brashi za kaboni: zikiwa zimechakaa hadi springi inakaribia kugusa komyuteta, badilisha. Kwenye mota za zamani za sumaku ya alniko usichomoe rota, sehemu inayozunguka, kuisafisha, kwa kuwa sumaku hupoteza nguvu pale rota inapotoka.

Kwenye DCC, mipangilio ya dikoda, kila mmoja ukiwa na namba yake ya CV, ndiyo inayoamua mengi. CV2 ni volti ya kuanzia: ianze na 1, ongeza moja moja hadi shanta isogee tu katika hatua ya kwanza ya mwendo. CV5 ni mwendo wa juu: ishushe hadi mita moja ichukue sekunde 11. CV3 na CV4, kuongeza na kupunguza mwendo, ziweke kati ya 10 na 20 kama unapenda injini yenye uzito. Kama mota ilikuwa na kapasita ndogo ya kuzuia mikwaruzo ya redio, na dikoda yako hupima mzunguko wa mota yenyewe, kapasita hiyo huivuruga. Ikate.

Inachechemea

Ikinyanyuka au kusita mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, tatizo si umeme. Toa mota au gia inayoiunganisha na ekseli, sukuma chasisi juu ya kioo cha dirisha. Ikisita, toa fito zinazounganisha magurudumu, sukuma tena. Ikiteleza vizuri sasa, ama fito zimepinda au gurudumu moja limezunguka kwenye ekseli yake. Pale fito zinaposhikwa, magurudumu ya kushoto na ya kulia hutofautiana kwa digrii 90, na ekseli zote lazima zifanane. Usilizungushe kwa koleo. Hilo hulegeza gurudumu lisikamate tena.

Ikiwa unasikia "tak" ya mara kwa mara na gurudumu linapoteza hatua, tafuta ufa kwenye gia ya plastiki iliyobanwa kwenye ekseli. Plastiki hunywea kwa miaka, inapasuka kwenye jino moja. Supaglu haiushiki ufa huo kwa muda mrefu. Agiza gia mpya. Pima idadi ya meno, kipenyo cha nje na kipenyo cha tundu kabla ya kuagiza, kwa maana kusubiri kifurushi wiki kadhaa kisha kikaja na tundu pana ni hasara ya fedha na moyo.

Shoti: kontrola inakata mara tu unapoiweka relini

Ikikata na shanta peke yake, geuza multimita kwenye omu, pima kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia. Karibu sufuri maana yake kuna mguso ndani: kibamba kilichopinda hadi chasisi, waya uliobanwa na bodi, au pete ya kuhami ya gurudumu iliyopasuka.

Ikikata baada ya kufunga dikoda, sababu ya kwanza ni mota kutotenganishwa na chasisi. Injini nyingi za zamani hutumia chasisi yenyewe kama waya. Kabla ya kulehemu dikoda, pima kutoka kila brashi hadi kila gurudumu na chasisi: multimita isionyeshe njia yoyote. Rangi za nyaya ni hizi: nyekundu reli ya kulia, nyeusi reli ya kushoto, chungwa na kijivu mota, nyeupe taa ya mbele, njano taa ya nyuma, bluu chanya ya pamoja. Chungwa au kijivu ikigusa reli, dikoda imekufa na hakuna fundi wa kuifufua.

Pima pia uwezo. Kwenye volti 12 za DC, multimita ikiwa imeunganishwa kwenye mstari upande wa ampea, shika magurudumu yasizunguke kwa sekunde moja tu. Namba unayoiona iwe chini ya uwezo wa dikoda.

Ubao wa DCC nao ujaribiwe kwa sarafu: weka sarafu ya shilingi 500 juu ya reli mbili, kila kona ya ubao. Kituo cha DCC kinacholisha reli umeme lazima kikate kila mahali. Kisipokata, nyaya ni nyembamba, na siku ya shoti halisi umeme wote utayeyusha injini. Waya mkuu wa mm² 2.5, ule ule wa soketi za nyumba, na matawi ya mm² 0.5 kila mita moja, hutosha ubao wa kawaida. Na anayetumia betri ya sola badala ya umeme wa ukutani asiunganishe betri na kitu chochote bila fyuzi ya ampea 2 kwenye chanya, karibu kabisa na betri. Betri ya sola haikati yenyewe, inachoma.

Dikoda haitii

Haijibu anwani yako, yaani namba ya kuiitia injini: jaribu 3, anwani ya kiwandani. Bado kimya: weka CV19 iwe 0, huenda aliyekuwa nayo aliifunga pamoja na injini nyingine. Inakwenda kinyume: ongeza 1 kwenye CV29 ikiwa namba yake ni shufwa. Inakwenda kinyume na taa hazifanyi kazi kabisa: plagi ya pini nane imeingizwa kwa kugeuzwa, ichomoe uigeuze. Inatoka mbio yenyewe baada ya shoti ndogo: dikoda inadhani iko kwenye DC, basi badilisha CV29 kutoka 6 kuwa 2. Imevurugika usijue pa kushika: dikoda nyingi hurudi hali ya kiwandani ukiandika 8 kwenye CV8. Haisomeki kabisa: rudi kwenye magurudumu machafu.

Inatoka relini

Pima nafasi kati ya nyuso za ndani za magurudumu. Kwenye modeli za sasa iwe mm 14.4 hadi 14.5. Ikiwa 14 au chini, magurudumu yatabanwa na kupanda reli fupi za ulinzi zilizo kando ya V ya pointi. Ekseli zote zipimwe, pande tatu za mzunguko, kwa kuwa gurudumu lililoinama hutoa namba tofauti. Ikitoka kwenye kona tu, soma kipenyo-nusu cha kona: mm 371 ni kali, na nyingi hutulia kwenye mm 438.

Magurudumu yanazunguka, mabehewa hayasogei

Shanta ni nyepesi. Injini huvuta takribani moja ya tano hadi robo ya uzito wake, kwa hiyo yenye gramu 250 ina nguvu ya gramu 50 hadi 60. Kwenye mwinuko wa asilimia 3 kila behewa la gramu 80 linadai takribani gramu 5 zake, na injini inajibeba yenyewe pia. Mabehewa saba au manane ndio mwisho. Ongeza uzito ndani ya kabini kwa vipande vya risasi vya kusawazishia matairi, vinavyopatikana kwa mafundi wa magurudumu. Viwekwe katikati ya ekseli, vifunikwe kwa tepu visiguse waya, na mikono ioshwe kwa sabuni. Kisha pima ampea upya: mota ikivuta zaidi ya awali na bodi ikawa moto baada ya dakika kumi za kazi, punguza risasi.